Teke la Onyesho la Kwanza

Siku ambayo Tuva Brodén alitakiwa kumpiga teke mwanamume anayempenda, aliamka kabla saa yake haijalia, akaoga, akabadilisha nguo mara mbili, kisha akavaa viatu ambavyo si vya kazini. Vilikuwa vyekundu, vya ngozi laini, vyenye ncha isiyoumiza. Alikuwa amevijaribu usiku uliotangulia kwenye mto wa sofa.

Watu wa jukwaani wa mji wa Göteborg hawatakiani heri kwa maneno. Siku ya onyesho la kwanza, kabla pazia halijafunguliwa, hupigana mateke ya makalio, mkubwa kwa mdogo, nyota kwa mfagiaji, na kila teke ni dua. Sharti ni moja tu: anayepigwa hasemi asante. Akishukuru, bahati imemwagika, na wazee wa kazi watakutajia taa zilizoanguka na milango iliyogoma kufunguka kwa sababu ya asante moja iliyomponyoka mtu.

Tuva ndiye msimamizi wa jukwaa katika Ukumbi wa Lotsen. Hukaa mezani pembeni mwa jukwaa, hedifoni kichwani. Akisema "taa", taa zinawaka, akisema "pazia", pazia linakwenda. Amepiga mateke mengi katika maisha yake ya kazi na hakuna hata moja lililomkosesha usingizi. Hili la leo lilikuwa na mambo yake. Siku chache nyuma, baada ya mazoezi, mwigizaji mkuu, Sixten Ahlmark, alimkuta akikunja nyaya, akachuchumaa karibu naye kana kwamba anataka kumsaidia.

"Sitakuuliza tena, Tuva," alisema. "Jumamosi ukinipiga teke lako, nitajua umenikubali turudiane. Usiponipiga, nitacheza mchezo wangu mpaka msimu uishe na sitakusumbua."

"Na watu wakiona?"

"Wataona mtu anapigwa teke. Nani ataelewa?"

Kufikia asubuhi yake jengo zima lilikuwa limeelewa. Fundi wa taa alianza kumwita Tuva "mguu wa dhahabu".

Basi Jumamosi ile Tuva alipitia kwa mama yake mtaani Majorna kunywa kahawa, kama alivyozoea, huku mvua ya Novemba ikipiga madirisha. Gunvor alikuwa amestaafu ufundi wa mavazi pale pale Lotsen baada ya kuwekewa nyonga ya bandia, lakini kila onyesho la kwanza bado alikwenda kukaa chumba cha mavazi na kuwakosoa waliomrithi. Alimtazama binti yake kuanzia kichwani, akashuka, akaishia chini.

"Viatu gani hivyo?"

"Vya kazi."

"Vya kazi ni vile vyeusi vinavyonuka. Kaa. Kula kwanza."

"Mama, ukianza na 'kula kwanza' najua kuna msiba."

Gunvor alisogeza kikapu cha mikate ya mdalasini. Chini yake palikuwa na gazeti lililokunjwa vizuri, ukurasa wa sanaa juu.

"Inspekta wako yumo humo," alisema.

Kwa miaka minane Sixten alikuwa Inspekta Vidmark wa kila Jumapili jioni, na nusu ya nchi ilikunywa kahawa ikimtazama. Hata alipokuwa ameketi kwenye tramu na begi la vitunguu, watu walimwinamia na kumwuliza kwa sauti ya chini kama yule daktari wa meno ndiye aliyeua. Watoto walimwomba akamkamate mwalimu wao wa hesabu. Gunvor alikuwa ameapa kutotazama hata kipindi kimoja, na alizijua habari za vipindi vyote.

Tuva alisoma. Sixten Ahlmark, ambaye leo anarudi jukwaani mjini kwake, amekubali kuwa mwigizaji mkuu wa tamthilia mpya ya televisheni itakayopigwa picha Copenhagen, kuanzia Januari mpaka majira ya masika. Picha yake ilikuwa inacheka.

"Labda wamekosea," alisema Tuva.

"Labda. Na mara ile walikosea?"

"Mama."

"Ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho hicho. Gazeti hilo hilo. Ukaniuliza, 'Stockholm gani?' kana kwamba ziko mbili."

Tuva alirudisha mkate kwenye sahani. Hakuhitaji kukumbushwa. Wakati ule Sixten alikuwa mwigizaji kijana wa Lotsen, mwenye kuingia na sinia na kutoka na sinia, na hatimaye alikuwa amepewa nafasi ya maana. Walikaa pamoja vyumba viwili nyuma ya karakana ya tramu. Siku ya onyesho la kwanza Tuva alimpiga teke lake mbele ya wote, naye akageuka, akamtazama kwa macho yaliyolowa, akasema wazi kabisa, "Asante, Tuva."

Watu waliguna kama vile sufuria ya moto imeanguka. Kipindi cha pili mlango wa jukwaani ukagoma, na mzee Folke, aliyetakiwa kutoka kwa hasira, akatoka kwa dirisha la nyumba ambayo watazamaji walikuwa wameambiwa iko ghorofa ya nne. Tuva alicheka pamoja na wenzake. Wiki tatu baadaye gazeti lilimweleza kwamba mtu anayelala naye kitanda kimoja anahamia Stockholm kuigiza polisi, na kwamba mkataba aliutia sahihi kabla ya onyesho lile. Hapo ndipo alipoielewa ile asante. Ni neno la kumwambia mtu unayemalizana naye, kama unavyomwambia dereva ukishuka.

"Baridi ile yote ulikaa jikoni kwangu," Gunvor aliendelea. "Nilikuwa nakukatia viazi kama mtoto. Mimi sikukatazi, Tuva."

"Unanikataza."

"Nakukataza. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema."

"Mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nakupa kahawa wala sikufungii ndani." Gunvor alimmiminia tena. "Niambie kitu kimoja. Amekuambia habari ya Copenhagen?"

Tuva alilikunja gazeti na kulirudisha chini ya kikapu.

"Haya," alisema mama yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilipoa. "Vaa viatu vyako vyeusi, mwanangu. Viko uani, ulivisahau wiki iliyopita."

Hakuvivaa. Alivitia begini, akaenda kazini na vile vyekundu, hasira imemjaa kifuani na miguu inakimbia yenyewe kuelekea kule kule alikokuwa mtu wa kumkasirisha.

Lotsen siku hiyo ilikuwa imewaka. Onyesho lilikuwa saa kumi jioni na tiketi zilikuwa zimekwisha tangu Septemba, kwa kuwa kila mtu alitaka kumwona Inspekta Vidmark bila kioo cha televisheni katikati. Mchezo ulihusu mwoka mikate aliyepoteza ladha ya ulimi na kuuficha mtaa mzima ulemavu huo. Nyuma ya jukwaa palikuwa na tanuri la kweli, na harufu ya mkate ilikuwa imepanda ngazi, imeingia vyoo, imefika mpaka kwenye kofia za wakata tiketi. Watu walipishana wakikimbia, huyu na wigi mkononi, yule anaimba kulegeza koo, mwingine amekaa sakafuni anakula ndizi na kutetemeka.

Folke, ambaye sasa alikuwa mwigizaji mkongwe kuliko wote, alimkuta Tuva mezani pake.

"Mguu uko vipi?" aliuliza.

"Hakuna mguu leo."

"Una maana gani hakuna mguu?"

"Soma gazeti, Folke."

Folke alikwenda, na Tuva aliisikia habari ikisafiri bila kuiona: nyuma ya mapazia minong'ono ilipanda, ikashuka, kisha pakawa kimya. Muda si mrefu Sixten alitokea akiwa na aproni ya mwoka mikate, unga mpaka kwenye nyusi. Kwenye televisheni alionekana mtu mkubwa. Kwa karibu alikuwa wa kimo cha kawaida, sikio moja limekunjika kidogo kwa juu, na Tuva aliwahi kulijua sikio lile kwa midomo. Alijilazimisha kuangalia swichi zake.

"Ni kweli?" alimwuliza.

"Ni kweli."

"Ulitia sahihi lini?"

"Alhamisi."

"Baada ya kuniomba teke."

"Siku moja baada."

"Na ungeniambia lini, Sixten? Nilikuwa nijue kwa gazeti tena? Maana nimelizoea, huniletea habari zako mapema kuliko wewe."

"Leo. Baada ya onyesho."

"Baada ya teke."

Alipangusa mikono kwenye aproni. Kisha akasema, "Ndiyo. Baada ya teke. Niliogopa ukijua kwanza utasema hapana."

Tuva alikuwa amejiandaa kwa uongo, si kwa ukweli. Alimtazama, na hilo ndilo lililokuwa kosa, kwa sababu macho yao yalipokutana yalikataa kuachana. Moyo wake ulienda mbio, moyo usio na aibu hata chembe.

"Kila Jumapili unakimbiza majambazi juu ya mapaa," alisema.

"Kuna watu wanne wamekaa chumbani wananiandikia ule ujasiri. Wangu mwenyewe ndio huu unaouona."

"Mdogo."

"Mdogo sana. Tuva, nisikilize—"

"Nina onyesho la kuendesha. Na wewe una la kucheza. Nenda."

Alikwenda. Shati lake mgongoni lilikuwa limelowa jasho, na Tuva alitamani kuinuka amfuate, akakaa kwa nguvu kwenye kiti chake.

Saa ya mateke ilipofika, wote walisimama duara jukwaani nyuma ya pazia lililofungwa, huku upande wa pili watazamaji wakisikika wakiingia, wakikohoa, wakitafuta viti vyao. Folke ndiye aliyeanza, kama ilivyokuwa heshima yake. Mateke yakapigwa, makubwa na madogo, watu wakacheka bila sauti na kukumbatiana, na hakuna aliyeshukuru. Sixten alipigwa na kila mtu. Fundi wa tanuri alimpiga, mtengeneza nywele alimpiga. Kila alipopigwa alitazama pembeni kulikokuwa na meza yenye taa ndogo ya buluu, na mwanamke aliyekaa hapo hakuinuka.

Duara lilivunjika. Tuva alivaa hedifoni, akaita vituo vyake kimoja kimoja. Taa wakaitika, sauti wakaitika, tanuri wakaitika, chumba cha mavazi wakaitika. Alikuwa karibu kusema watu wakae mahali pao, aliposikia laini ikikwaruza na pumzi ya mtu anayemjua.

"Tuva. Ni mimi."

Aligeuka. Ng'ambo ya jukwaa, kwenye giza, Sixten alikuwa amesimama karibu na mvuta pazia, amemvua hedifoni na kujivika yeye.

"Toka kwenye laini yangu," alisema Tuva.

"Dakika moja. Humu ndani sioni watu, nitaweza kusema."

"Sixten," ilikuja sauti ya Nadja, fundi wa taa, kutoka kibanda cha juu, "siyo simu hiyo. Tunasikia wote."

Sixten akatazama juu kibandani. Mtu wa miaka minane ya televisheni alikuwa amezoea kuzungumza na mwongozaji wake sikio kwa sikio; alikuwa amesahau kwamba kwenye jukwaa laini ni moja na ni ya umma.

"Wote nani?" aliuliza.

"Mimi na msaidizi wangu," alisema Nadja.

"Na sauti," ikasema sauti.

"Na tanuri," akasema wa tanuri. "Lakini sisi hatusikilizi, tunaoka."

"Na mavazi," ikaingia sauti ya mwanamke mwingine. "Huku tumefungua spika. Gunvor yuko hapa anasema uongee kwa nguvu."

Tuva alifunika uso kwa mikono miwili. Ng'ambo aliona kivuli cha Sixten kikiinua mkono kutaka kuivua ile hedifoni, mkono ukasimama, kisha ukashuka.

"Basi wasikie," alisema. Sauti yake haikuwa ile ya Vidmark. "Mara ile ulinipiga teke nikiwa na mkataba mfukoni. Nilitaka kukuambia naondoka. Nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi. Nilipogeuka nikakuona unavyonitazama, nikaogopa, likanitoka neno la pekee nililokuwa nalo. Nimesema maneno mengi sana mbele ya kamera tangu hapo. Hilo moja nimeshindwa kulirudisha."

Kivuli cha Sixten kiliishika hedifoni kwa mikono miwili.

"Na safari hii nilitaka kufanya vilevile, nichukue teke kwanza ndipo niseme. Ni wizi, sina jina jingine. Sasa umejua, mama yako amejua, tanuri wamejua. Nakwenda Copenhagen Januari. Kwenye mkataba nimedai Ijumaa mchana mpaka Jumatatu niwe huru, na nilidai hilo kabla sijauliza mshahara. Kuna treni, inafika hapa jioni. Ukisema nisiende, nitawapigia simu sasa hivi, na unga huu usoni. Nakupenda, Tuva. Nilikupenda hata siku nilipokushukuru."

"Dakika mbili," alisema Nadja polepole. "Samahani. Ni mbili."

Tuva alijikuta ameushika ukingo wa meza. Ilikuwa rahisi kusema neno moja, usiende. Mtu aliyekaa baridi nzima jikoni kwa mama yake alikuwa na haki nalo. Lakini alimjua Sixten; alimjua tangu enzi za sinia. Alimwona miaka kumi mbele, ameketi sofani Jumapili jioni akitazama mwingine akicheza nafasi yake, anamtazama na yeye pembeni, na hasemi kitu. Na alijiuliza kitu ambacho hakuwahi kujiuliza: hivi alichoumia ni kule kuondoka? Siyo. Waigizaji huondoka, yeye mwenyewe angemfungia sanduku na kumsindikiza stesheni. Aliumia kwa kufanywa mtu wa mwisho kujua. Leo, kwa mara ya kwanza, Sixten alikuwa amesema yote kwa mdomo wake mwenyewe, na jengo zima na yeye wakayasikia kwa pamoja.

"Sixten," alisema.

"Nipo."

"Usipige simu. Kazi ni kazi. Ukiiacha kwa ajili yangu, utanitazama maisha yako yote kama mtu aliyekuibia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mrudishie mwenzako hedifoni na usimame mahali pako. Laini iwe kimya, wote. Mama, na wewe."

Alimwona akiivua. Alimwona akitembea mpaka katikati ya jukwaa, kwenye meza ya kukandia unga, akasimama ameyapa mgongo mapazia, mabega yameshuka. Alikuwa ameelewa kwamba ni hapana. Alikunja mikono ya shati, akaingiza vidole kwenye unga, akaanza kukanda kama mchezo ulivyotaka, kwa sababu kazi ni kazi.

"Taa za ukumbi, zima," alisema Tuva.

Upande wa pili wa pazia watu mia kadhaa wakanyamaza pamoja. Sasa lilibaki neno moja tu, pazia, na wote jengoni walikuwa wanalisubiri. Msimamizi wa jukwaa hatoki mezani pake neno hilo likiwa mdomoni. Wakati kama huo hatoki hata akiambiwa nyumba yake inaungua.

Tuva aliinuka. Alitembea waya wa hedifoni ukimfuata, ukanyooka, ukamvuta shingo. Aliivua akaiacha ining'inie na kukimbia. Viatu vyekundu havikutoa sauti kwenye mbao. Folke, aliyekuwa amekaa tayari karibu na tanuri, alimwona akija na akaweka mkono mdomoni mwake mwenyewe.

Lilikuwa teke zuri. Lilikuwa na miaka minane ndani yake, na ile ncha laini haikusaidia kitu. Sixten alirushwa tumbo kwenye meza, unga ukapaa, akageuka amepauka. Alimtazama. Midomo yake ilifunguka, na Tuva aliliona neno likija, lile lile, lilivyopanda kooni kwa mazoea ya mtu aliyelelewa kushukuru hata anapopewa chenji. Mvuta pazia alifumba macho. Kibandani Nadja alisema jina la Mungu.

Sixten aliung'ata ukosi wa shati lake. Aliung'ata akaushikilia kwa meno, huku macho yake yakicheka na kulia, na hakusema kitu.

"Geuka, mchezo unaanza," Tuva alimnong'oneza, akakimbia kurudi.

Alifika anahema, akaidaka hedifoni. "Pazia," alisema, na pazia likaenda.

Wale waliokuwapo siku hiyo bado wanalizungumzia onyesho lile. Kwa muda mfupi mwanzoni watu walimwona Inspekta Vidmark ndani ya aproni, mmoja akacheka, kisha wakamsahau kabisa. Waliona mwoka mikate. Waliona mtu anayeonja na kusema "tamu" huku hajui, anayetazama nyuso za wateja kutafuta habari za mkate wake mwenyewe. Kila mlango ulifunguka ulipotakiwa. Tuva alisema maneno yake, taa, sauti, taa, na mikono yake ilikuwa imetulia ingawa ndani alikuwa anarukaruka kama msichana. Karibu na mwisho, mwoka mikate alipokiri kwa mkewe kwamba hajaonja kitu kwa mwaka mzima, Sixten alilisema neno la mwisho akiwa amegeukia kule kulikokuwa na taa ndogo ya buluu. Mchezo haukumwagiza ageukie huko. Tuva alichelewa kuita taa, kidogo tu, na ule ucheleweshaji mkosoaji mmoja aliusifu baadaye kama uamuzi wa kisanii.

Watu walisimama kupiga makofi. Walimwita, akarudi, wakamwita tena. Pazia liliposhuka kwa mara ya mwisho, jukwaa lilijaa watu wanaokumbatiana na kulia na kutafuta kinywaji. Sixten alipenya katikati yao mpaka kwenye meza, akasimama mbele ya Tuva, na hawakugusana kwanza. Walitazamana tu, kama watu waliofika mahali na bado wana mizigo mikononi. Kisha Tuva akamfuta unga kwenye sikio lililokunjika, na mkono ukabaki pale pale.

Hapo ndipo ngazi zilipogongwa kwa fimbo. Watu walipisha. Gunvor alishuka polepole, pini za ushonaji bado zimechomekwa kifuani pake, akaja mpaka mbele yao.

"Ahlmark," alisema.

"Gunvor."

"Shati limekukaa vibaya mabegani. Lakini umecheza vizuri."

Sixten alifungua mdomo, akaufunga.

"Pazia limeshashuka," alisema Gunvor. "Sasa unaruhusiwa kushukuru."

"Najua. Lakini nikisema neno hilo mbele ya binti yako, atadhani nina treni ya kuwahi."

Folke alikohoa kuficha kicheko. Gunvor hakucheka. Alimtazama Sixten kwa muda mrefu, kwa jicho la fundi anayekagua kitambaa alichouziwa kwa bei ndogo kupita kiasi. Halafu akampa Tuva fimbo yake.

"Nishikie."

"Mama, hiyo nyonga. Daktari alisema usiinue mguu."

"Daktari hana tiketi ya leo. Geuka, kijana."

Sixten aligeuka. Gunvor alishika bega la Folke, akapumua, akainua mguu wenye kiatu kizito cha majira ya baridi, na kishindo chake kilisikika mpaka kibanda cha taa.

"Hilo si la onyesho," alisema, huku akitafuta pumzi. "Na kila Ijumaa kwangu tunakula saa kumi na mbili. Treni ikichelewa, tunaanza bila wewe."

Wote waliokuwa karibu walimtazama Sixten. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili kwenye unga wa uso wake. Alitikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, na midomo yake aliifunga kabisa.